Kisanduku Chenye Taa Nyingi

Rumonge, mtaa wa Waswahili
6 Mei 2024

Kaka Shafii,

Assalam alaykum, na amahoro kwa wote wa Buyenzi. Tangu Ijumaa nimekupigia mara kumi na moja. Simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi naandika kama watu wa zamani, na barua nampa Asmani wa Hiace. Yeye ukimwona mlangoni huwezi kumukimbia.

Habari si nzuri, nakupa bila kuzunguka. Ule uvimbe wa mama kooni daktari amesema watakata tarehe 29 Julai, na umeshika palepale sauti inapotokea. Atapona, inshallah, lakini kuimba asahau. Kuongea kwenyewe labda atanong'ona, labda hata hicho hakuna. Mama alimusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama amemaliza, akafunga kilemba chake tukarudi nyumbani.

Sasa mama yetu unamujua. Kutoka Kizuka mpaka Nyanza-Lac hakuna bibi harusi wa Kiislamu aliyefundwa sawasawa bila yeye kuwa ndani. Nyimbo za ndani ni thelathini na moja. Alizipokea kwa bibi, na bibi alikuja nazo kutoka Ujiji. Waliozijua pamoja naye wamekufa wote. Mimi najua saba, na hizo saba nazikosea. Hazina daftari, hazina kaseti. Koo la mama likikatwa, zimekatwa nazo.

Nikamwomba nimurekodi. Wiki nzima alikuwa ananitazama kama nimemutukana. Halafu akakubali, na masharti juu: chumba kifungwe, nirekodi mimi peke yangu, na asisikie mwanamume yeyote, awe fundi, awe shehe, awe wewe. Unakumbuka ulipokuwa mutoto wa miaka sita ulijificha chini ya kitanda usikilize, ukatolewa kwa ufagio? Sharti ni lilelile.

Kwa hiyo mambo ya studio hapana, ni hapa nyumbani. Kompyuta iko, ile ya zamani niliyopewa shuleni. Mikro iko mbili, nimeazimwa na Schékinah, yule dada kutoka Uvira anayeshughulika na vyombo vya kwaya kanisani kwao. Moja ya mdomo wa mama, moja ya sinia analolipiga kwa vidole. Kinachokosa ni carte son, kile kisanduku cha kuingiza sauti ya mikro ndani ya kompyuta. Hadji wa duka la redio hapa sokoni iko nacho kimoja kidogo, matundu mawili, kinakula umeme wa kompyuta kupitia waya wake. Schékinah amekitazama, anasema kinatosha.

Lakini mimi nataka neno lako. Huko Buyenzi si wanasema Shafii akisikia mende anatembea darini anajua ni dume au jike? Niambie: nichukue hicho?

Mdogo wako,
Raisa

*

Buyenzi, avenue ya saba
13 Mei 2024

Mdogo wangu Raisa,

Waalaykum salaam. Habari za mama nimezisoma mara tatu. Simu usinipigie. Hapa studio simu ni marufuku, tunarekodi mchana kutwa. Niandikie, nitakujibu kila Asmani anapopita.

Kuhusu kisanduku cha Hadji: usikiguse. Umenielezea vizuri, nimekifahamu. Vile ni vya vijana wanaorekodi vichekesho vya simu. Kina vifundo viwili na kitaa kimoja cha kuonyesha kwamba kimewaka, basi. Sasa sauti ikizidi utajuaje? Ikipungua utajuaje? Mtu hawezi kurekodi akiwa kipofu.

Carte son nzuri unaitambua kwa taa zake, sikiliza maneno yangu. Iwe na ngazi ya taa kwa kila mikro: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Mama akiimba, taa zinapanda na kushuka mbele yako, unasoma sauti yake kama unavyosoma saa. Tena isitegemee umeme wa kompyuta, iwe na chaja yake ukutani. Mikro nyingi za kwaya zinataka kulishwa umeme na kisanduku, na vile vidogo vinazilisha kwa kijiko.

Hapa studio tulikuwa nacho kimoja kikubwa, cha chuma, nilichokitumia miaka minane kabla hatujabadilisha vyombo. Kina taa kumi na mbili kila upande. Kipo stoo. Nitakitafuta, nitakisafisha, nitakutumia. Mwambie Hadji abaki na mwanasesere wake.

Subira huvuta heri. Sauti ya mama haiwezi kuingia kwenye chombo cha sokoni, wakati ana mtoto ambaye ni fundi.

Kaka yako,
Shafii

*

Rumonge
10 Juni 2024

Kaka,

Subira yako imevuta wiki nne sasa. Heri sijaiona.

Asmani amekuja mara tatu mikono mitupu. Mara ya kwanza ulikuwa "bado unatafuta". Mara ya pili essence imepotea vituoni, magari hayaendi, sawa, hilo si kosa lako. Mara ya tatu amekukuta umekaa kibarazani unakunywa kahawa. Kibarazani, Shafii! Alikuita akiwa ng'ambo ya barabara, anasema ulimuangalia kama huna habari naye. Amekasirika.

Mama sasa anameza kwa shida. Asubuhi sauti inatoka, adhuhuri imekwisha. Schékinah amehesabu: akiimba wimbo mmoja au miwili kwa siku, na siku nyingine apumzike, tunahitaji mwezi mzima. Tumebaki na wiki saba. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, na mimi naona unachagua nazi huku mnazi unakauka.

Hadji bado amenitunzia kile kidogo mpaka Idi. Kama Idi inafika sijaona chombo chako, nachukua chake, ukasirike usikasirike. Na wewe mwenyewe utakuja Idi? Mama anauliza.

Raisa

*

Buyenzi
17 Juni 2024

Raisa,

Idi mubarak. Nisamehe sikufika, kazi imenibana. Mpe mama mkono wangu.

Chombo ndicho hicho Asmani anakukabidhi. Usikiinue peke yako, ni kizito. Chaja yake ya asili sikuiona stoo, lakini nimepata nyingine sokoni, tundu ni lilelile, imeingia bila kulazimisha, na taa zote zimewaka. Nimekijaribu mwenyewe. Taa zinapanda vizuri sana.

Fanya hivi. Mikro ya mdomo, tundu la kushoto. Mikro ya sinia, kulia. Mama aimbe kwa nguvu zake za kawaida huku wewe unazungusha kifundo mpaka taa zicheze kwenye kijani na kugusa njano. Nyekundu isiwake. Ukiona hivyo, funga, rekodi, usiogope kitu.

Wimbo wa kwanza ukiisha, utie kwenye flashi uniletee niuhakiki kabla hujaendelea. Najua sharti la mama. Lakini mwambie fundi ni kama daktari, na daktari haambiwi ageuke ukutani.

Shafii

*

Rumonge
24 Juni 2024

Kaka Shafii,

Chombo kimefika, asante, murakoze. Meza yangu imelia kukibeba. Watoto wa jirani wamekuja kutazama taa kama ni sinema.

Jumamosi tulifunga madirisha kwa magodoro, mama akakaa chini na sinia lake, akaimba wa kwanza, ule wa kumuvua bibi harusi viatu. Zaidi ya hapo sikuambii. Kaka, nililia. Hata taa zako zililia, kijani yote na njano kidogo, kama ulivyosema.

Lakini nilipoweka ekuteri masikioni kusikiliza, kuna kitu. Kuna mulio chini yake, zzzz, kama nyuki kwenye debe, haukatiki. Mama akivuta pumzi unausikia peke yake. Akiimba unapanda juu ya maneno. Nikazima friji ya jirani, bado. Nikahamisha waya, bado. Schékinah yuko Baraka kwa mazishi, mpaka mwisho wa mwezi wa saba hayupo, nimekosa wa kumuuliza.

Nikamwambia mama, lazima Shafii asikie. Nilijiandaa kwa vita. Akalitazama sinia, halafu akasema: "Mpe. Shafii asikie, hakuna neno." Hivyo tu! Mama yule aliyemukatalia hata baba, Mungu amurehemu, kupita uani siku za kufunda! Sikuamini. Nimefikiri ni mapenzi ya kifungua mimba, sisi wengine tulizaliwa kujaza ukumbi.

Basi flashi hii hapa, imefungwa ndani ya kitambaa chake. Asisikie mutu mwingine hapo studio, hata yule Silvano, msaidizi wako. Mama amesema wewe, na wewe tu. Sikiliza vizuri, uniambie ule mulio ni wa nini. Sitaki kumuchosha mama bure. Kila wimbo unamutoa jasho mpaka kanga inalowa.

Raisa

*

Buyenzi
3 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nimesikiliza. Nilifunga mlango, nikawafukuza wote, nikakaa na sauti ya mama peke yangu. Machozi yalinitoka.

Rekodi ni safi. Mawimbi yake kwenye kompyuta yamejaa vizuri, hayakukatwa juu wala hayakusinyaa. Huo mlio unaousema uko kwenye hizo ekuteri zako za sokoni, ndani ya rekodi haumo. Usishindane nami kwa jambo hili, Raisa. Ni miaka kumi na tisa ninafanya kazi ya masikio. Sikio ambalo halikufundishwa linasikia vitu visivyokuwepo.

Endelea. Usibadilishe kifundo hata kimoja. Maliza zote thelathini na moja kabla ya tarehe 29, usipoteze siku.

Shafii

*

Rumonge
12 Agosti 2024

Shafii,

Mama amerudi nyumbani Jumatano iliyopita. Kidonda kinakauka. Sauti hakuna. Hata kunong'ona hakuna, ni pumzi tu inayopita. Anaandika kwenye daftari la shule kwa yale maandishi yake ya kulala, na akitaka maji anagonga kikombe. Hukuja hospitali, na iko pale Bujumbura, mwendo wa basi moja kutoka kwako. Hilo sitalijadili leo.

Tulimaliza zote. Wimbo wa thelathini na moja aliuimba Ijumaa kabla ya kukatwa, kwa sauti ya kukwaruza, akamaliza, akaniambia, "Sasa ninyamaze."

Jana walikuwa wanamufunda Nadia, binti wa mwenye mashua za kuvua mukeke. Wakamuita mama kama kawaida, na mama akaenda, na mimi nikaenda na kompyuta na spika kubwa ya kukodi. Wanawake arobaini ndani. Mama amekaa kwenye mukeka mahali pake, amevaa kanga mpya. Nikafungua wimbo wa viatu.

Shafii, ni mungurumo. Spika nzima ilinguruma kama mashine ya kukamua mawese, na mama ndani yake mbali, kama mutu anayeita kutoka ng'ambo ya mutaro. Wanawake wakaziba masikio. Nikafungua wa pili. Nikafungua wa tatu. Nikaruka mpaka wa ishirini. Yote! Yote thelathini na moja! Shangazi wa Nadia akasema kwa upole, "Mama, zima tu." Nikamutazama mama. Alikuwa anatengeneza vizuri pindo la kanga yake.

Schékinah amerudi, yeye ni mwanamke, nimemuruhusu asikie. Hakufika sekunde tatu, akavua ekuteri. Akageuza chaja yako akasoma maandishi yake. Volti si zake, hata aina ya umeme si yake. Inawasha taa, ndiyo, lakini inapitisha mungurumo wa umeme wa ukutani moja kwa moja ndani ya sauti. Amejaribu kuusafisha. Ukiondoa mungurumo, unaondoka na mama.

Anasema mutoto wa chekechea angeusikia.

Mimi niliusikia. Nilikuandikia. Wewe ukaniambia sikio langu halikufundishwa. Sasa nijibu kitu kimoja: ulipofunga mlango, ukawafukuza wote, ukalia machozi, ulikuwa unasikia nini?

Raisa

*

Buyenzi
19 Agosti 2024

Raisa,

Nimepokea maneno yako, na ukali wake. Umeme wa Rumonge unajulikana ulivyo, unapanda na kushuka. Inawezekana rekodi ya kwanza ilikuwa nzuri na zilizofuata zikaharibika. Tena kompyuta yako ni ya zamani. Na huyo Schékinah ni mtu wa kwaya, si fundi. Nitumie zote, hapa kuna programu za kusafisha. Usimkatishe mama tamaa mpaka nijaribu.

Shafii

*

Rumonge
26 Agosti 2024

Shafii,

Sikukutumia. Nilikuletea mwenyewe. Alhamisi nilipanda gari la Asmani na kompyuta mapajani, nikafika studio kwenu saa tano asubuhi.

Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umenipa mgongo, umekaa mbele ya kompyuta, mkono mmoja kwenye kifundo. Ulikuwa unatikisa kichwa na kugonga kwa mguu, kama fundi aliyekolewa na muziki. Kwenye kioo cha kompyuta taa zinapanda, zinashuka. Na spika zimezimwa, Shafii. Chumba kimya kama kaburi. Ekuteri hukuvaa. Ulikuwa unasikiliza taa.

Silvano akanishika mkono akanitoa nje. Alidhani najua. Akaniambia, "Dada, tafadhali usimuaibishe mbele ya wateja, sisi ndio masikio yake, huu ni mwaka wa tatu." Mwaka wa tatu! Wanakupa ishara kwa vidole, wanageuza vifundo ukienda chooni, na jina kwenye bango ni lako. Ndiyo maana simu hupokei. Ndiyo maana Asmani alikuita ukamutazama kama mti.

Nikakaa kwenye ngazi yenu nikapanga mambo. Hukukataa kisanduku cha Hadji kwa sababu ni kibaya. Ulikikataa kwa sababu kile ungelazimika kukisikia, na hiki chako unakisoma. Ulichagua kwa macho yako, ukasema ni kwa sauti ya mama.

Kupoteza masikio si kosa. Mama amepoteza koo, nani amemulaumu? Ungeniandikia mustari mmoja: "Raisa, sisikii tena, muulize mwingine." Ningenunua kile kidogo. Ningemufuata Schékinah huko Baraka. Tulikuwa na siku ishirini na sita, na mama bado iko na sauti! Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini kilio hiki hakikukuumbua wewe, kimetuangukia sisi.

Niliondoka bila kukusalimia. Usinitafute.

Raisa

*

Buyenzi
2 Septemba 2024

Raisa,

Ni kweli yote.

Lilianza sikio la kushoto, baada ya harusi moja ya Kinama, spika zilikuwa nyuma yangu siku mbili. Nilidhani litafunguka. Halafu la kulia likalifuata, polepole, kama mtu anayefunga duka. Sauti za wanawake ndizo zilizotangulia kupotea. Sasa nasikia radi, nasikia lori, na mtu akinisemea sikioni nasikia upepo. Mke wangu nilimwambia ni uchovu. Wateja wanakuja kwa jina la Shafii. Nikisema, nitafanya nini? Nitauza ndagala?

Siku ilipofika flashi yako, nilifunga mlango kweli. Hilo sikukudanganya. Nilivaa ekuteri, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikahisi inatetemeka kwenye mfupa wa shavu. Nikafurahi. Nikasema, huyu ni mama. Kumbe nilikuwa nahisi ule mngurumo.

Silvano aligonga. Alijua sisikii, alinyoosha mkono achukue ekuteri anisaidie kama siku zote. Nilimsukuma. Nikamwambia hizi si nyimbo za wanaume. Angesikia mara moja, Raisa. Sekunde tatu, kama Schékinah. Nilimfukuza nikijiona nimetunza heshima ya mama, halafu nikakaa nikakuandikia kwamba ni safi.

Mama anasemaje? Anajua?

Shafii

*

Rumonge
9 Septemba 2024

Mwanangu Shafii,

Hii naandika mimi mwenyewe, na nampa Asmani mkononi Raisa akiwa sokoni. Ukimaliza kuisoma uichome.

Nina mengi ya kusema, na mkono wangu si mwepesi. Raisa amenionyesha barua yako. Amenisomea kwa hasira, huku anatembea chumbani, akidhani ananipa habari mpya.

Mimi nilijua. Idi ya mfungo, ulipokuja na watoto, ulikuwa umekaa mlangoni pa jikoni, na sufuria kubwa la wali likaniponyoka nyuma yako likaanguka sakafuni. Kuku wote walikimbia uani. Wewe hukugeuka, uliendelea kumenya chungwa lako. Nikakuita jina lako, kisha nikakuita kwa jina la babu yako. Nikaokota sufuria nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwanangu ana aibu yake, mimi ni mama, sitaivua nguo.

Raisa alipokuja kuniambia lazima Shafii asikie, nilifikiri haraka kuliko ninavyopaswa. Nilifikiri: huyu hasikii. Nikimpa, nyimbo hazitakuwa zimesikiwa na mwanamume, agano langu na mama yangu linabaki zima, na Raisa ataridhika aache kunisumbua. Nikasema mpe. Nikajiona mjanja. Mambo ya mashine siyajui, nilidhani kusafisha sauti ni kazi ya hizo taa, na fundi kazi yake ni kukaa nazo. Kwamba ile sauti ilikuwa inangoja sikio la mtu, hilo sikulijua. Raisa alikuwa na wasiwasi kila siku, na kila siku mimi nilimwambia, kaka yako amesikia, tuendelee. Niliimba nyimbo thelathini huku najua wewe hukuusikia wa kwanza.

Kwa hiyo usilie peke yako, tuko wawili.

Sasa ninakuomba jambo, na ni zito. Raisa asijue kwamba nilijua. Ananiogesha, ananisagia chakula, ananisomea midomo yangu. Kila jioni anakaa na daftari, mimi naandika maneno ya nyimbo, yeye anajaribu kuimba, na mimi natikisa kichwa, si hivyo, si hivyo. Maneno yote yamefika. Jinsi ya kuyaimba siwezi kumwandikia. Amezikamata tisa sasa. Nyingine anazitunga bila kujua, na ninamwachia. Hasira yake kwako ndiyo inayomwamsha asubuhi. Akijua na mimi nimo, atabaki na nani ndani ya nyumba hii?

Atakuandikia tena, au hataandika kamwe. Akikuuliza kama kuna mwingine aliyejua, jibu unalo.

Mimi mama yako

*

Rumonge
14 Septemba 2024

Shafii,

Nilisema usinitafute. Naandika mara moja tu, na unijibu kwa mustari mmoja.

Mama usiku halali, mchana anaangalia ukuta. Kuna kitu anacho. Jana nimemuuliza kama alikuwa na habari ya masikio yako, akafunga daftari. Schékinah anasema mama hawezi kukosa kujua mutoto wake hasikii. Mimi nimemufokea Schékinah, hatusemeshani sasa.

Kama mama alijua, akaniacha nimuimbishe siku zote zile na lile koo, niambie. Naapa nitavumilia. Kama hakujua, sema hivyo, na mimi nitaenda kumuomba Schékinah asinisemee mama yangu tena.

Raisa

*

Buyenzi
16 Septemba 2024

Raisa,

Mama hakujua. Idi ya mfungo nilikaa naye mbali makusudi asigundue, na nilimdanganya kama nilivyokudanganya wewe. Hakuna mtu wa nyumbani aliyejua. Kosa ni langu peke yangu, na ukimwona anaangalia ukuta, ni mimi anayeniwaza.

Bango la studio nimelishusha jana. Silvano ataweka lake.

Usinijibu.

Shafii